Papa, Mama Neema Amehama

Papa,

Mama Neema amehama. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana watu wa mtaa wetu wa Nyakasanza hawaachi kufika huko uliko, na kila mmoja anakuja na habari zake. Hakuhama kwa kupenda. Alihamishwa.

Miaka kumi na moja yule mama wa Butembo alikaa katika nyumba yetu ya mbele, akishona sare za shule barazani. Majirani walikuuliza unawapa wapangaji wako dawa gani, mbona wao wanabadilisha watu kama mashuka. Ulicheka tu. Dawa niliiona mimi. Bati likitoboka ulipanda juu kabla ya mvua, hukungoja kuitwa. Alipoomba kulima mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba, ulimpa na jembe. Ulipiga hodi katika kiwanja chako mwenyewe na ukasimama uani, kofia mkononi, mpaka ukaribishwe. “Nyumba iko yangu, lakini mulango iko yake,” ulikuwa unasema, na mimi nilidhani ni maneno ya uzee.

Wakati wa matanga yako yeye ndiye aliyesonga bugali kwa wageni wote. Mikono ilimtoka malengelenge. Na matanga hayajaisha vizuri, Yaya Dieudonné, mwanao wa kwanza na mkubwa wangu, akaja na mita yake kupima vyumba. Tangu bunduki zinyamaze kidogo watu wa mashirika ya misaada wanatafuta nyumba mjini, basi kila mwenye kibanda anajiona ana hoteli. “Ule mama anaikalia bahati yetu,” Yaya akasema, udongo wa kaburi lako bado mbichi.

Akampa wiki moja. Mama Neema aliomba angojewe hadi binti yake amalize mtihani wa taifa, akakataliwa. Asubuhi moja Yaya akaja na mafundi wawili wakang'oa mlango wa mbele na madirisha yote. Ndiyo adabu ya mji wetu siku hizi: humfukuzi mpangaji, unamng'olea mlango, aibu imwondoe yenyewe. Nimeona wengine wakifanya hivyo na nikatema mate chini. Safari hii ilikuwa kwetu. Wapita njia waliona hadi kitanda chake. Binti aligeukia ukuta akaendelea kusoma daftari lake.

Unataka kujua bahati yetu imefika wapi? Mtu wa shirika alikuja, akatazama zile fremu zilizopasuka, akapanda gari lake. Akaja mfanyabiashara mmoja, akakaa miezi miwili, akaondoka bila kuaga na kutuachia choo kimeziba na panya waliooza darini. Mimi ndiye niliyewatoa, kwa mikono yangu. Kisha akaja mwalimu na mkewe, watu wa heshima, watu ambao wewe ungewashika. Mke alikwenda kuchota maji bombani, wanawake wakamweleza mpangaji wa kwanza alivyotolewa nyumba hii, na hawakurudi tena. Yaya anasema ni wivu wa majirani. Anakalia kiti chako, amejipulizia manukato, anasema “projet, projet,” kila kitu kwake mradi. Hata sauti yake akila inanichefua.

Jumapili iliyopita nilichukua moto, pikipiki ya abiria, hadi mtaa wa Shari, anakoishi Mama Neema sasa, chumba kimoja, cherehani imesukumwa chini ya kitanda. Alinipa kiti. Nilimwomba arudi, nikasema nitatengeneza kila kitu. Nikasema pia kwamba siku ile sikujua lolote, kichwa kiliniuma, nilikuwa nimelala ndani.

Alikata uzi kwa meno. Hakupandisha sauti. “Ile chai mafundi walikunywaka, ilitoka mu jiko ya nani?”

Niliaga vibaya, nikatoka kutafuta moto.

Papa, ilitoka jikoni kwangu. Yaya aliniambia nipike chai, kuna watu wanakuja, na nilijua ni watu gani na wanakuja kufanya nini. Niliitia tangawizi. Nilikuwa nakoroga sukari huku nasikia misumari ikichomoka kwenye mbao, nikawapelekea vikombe kwa sinia, nikamkuta Mama Neema amesimama uani, na sikumtazama. Kwa hiyo chuki yote niliyokuandikia hapo juu kuhusu Yaya, nigawie na mimi fungu langu.

Pumzika, Papa. Wewe sikuombi msamaha, kwa sababu kukuomba wewe ni rahisi. Jumapili hii nakwenda tena Shari. Sitataja habari za kurudi, nyumba yetu haimstahili tena. Nitasema mbele ya binti yake kwamba chai niliipika mimi, na kwamba nilijua. Halafu nitakaa pale pale, anitukane mpaka achoke.

Binti yako,
Riziki