Jina Langu Ndani ya Kanda ya Mfilipino

Jumanne, 6 Agosti 1996

"Sinema ya jambazi haimharibu mtu, kwa sababu mwisho wake jambazi hufa." Maneno ya Faraj, mwenye chumba cha vidio nyuma ya Ndia Kuu, aliyonirushia juzi barazani mbele ya wanywa kahawa. Upuuzi! Hufa, ndiyo — lakini hufa vipi? Polepole, muziki ukilia, mama yake amempakata. Nani asiyekitaka kifo hicho? Maiti niliyemwona Shimanzi mwaka jana alifunikwa gunia, na malori yalimkwepa kama yanavyokwepa shimo.

Kanda yenyewe ni ya Kifilipino. Baharia mmoja alimwachia Faraj. Ni maisha ya jambazi mashuhuri wa kwao, mtu aliyeishi kweli, wanasema. Hakuna ajuaye Kifilipino mtaani hapa. Chonga, msimulizi wa Faraj, husimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akasimulia apendavyo, na watu huamini kila neno. Nimeyaandika yote hayo katika makala yangu gazetini. Faraj amenuna. Na anune.

Alhamisi, 8 Agosti

Vicheko njiani. Muuza vinyago wa Ngome ya Yesu ameniuliza polisi wamenipa cheo gani. Sikumwelewa. Jacinta, mke wangu, ndiye aliyenieleza, kayasikia sokoni. Chonga amewapa watu wa sinema majina ya hapa. Jambazi sasa ni Kavumbi — Kavumbi wetu, ambaye vijana wake huvunja magodauni ya Shimanzi, na ambaye hatajwi kwa sauti. Na yule mwenye miwani, anayemuuza jambazi kwa polisi? Mwalimu Seth. Mimi!

Nilicheka. Hata nikaanza kutunga jibu la gazetini, kali. Jacinta hakucheka. Aliuliza tu kama Kavumbi ameshaitazama.

Jumamosi, 10 Agosti

Ameitazama. Walimpisha mbele. Wanasema kila jina lake lilipotajwa alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Alipotokea mwenye miwani, akataka kanda irudishwe nyuma, amtazame tena.

Na jana polisi walivamia godauni Shimanzi. Vijana wake wawili wamekamatwa. Wa tatu kapigwa risasi, yuko hospitali.

Sikuwaambia polisi neno. Sijakanyaga kituo tangu nilipoibiwa baiskeli. Naandika hapa, ambapo hakuna wa kumdanganya: sikusema. Lakini nilipopita barazani mazungumzo yalikatika. Mmoja tu aliitikia salamu yangu, naye alikuwa akitazama kikombe chake.

Miaka nenda miaka rudi nimebishana na mapadri, masheikh, madiwani. Kila mmoja alikuja na hoja, nami nikaivunja. Sinema hii haina hoja. Niivunje wapi?

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya kanisa nilikwenda kwa Chonga. Alikuwa ameinamia karai, akifua shati. Akasema ulikuwa mzaha. Faraj ndiye aliyemwambia amtie yule Mwalimu, ajifunze adabu ya kalamu. Nikamtaka aseme hivyo hivyo mbele ya watu. Akautazama mlango kwanza.

"Mwalimu, nikisema si weye, Kavumbi ataniuliza, basi ni nani? Nami nimjibu nini?"

"Mwambie hujui."

"Ataniamini? Mimi ndiye nijuaye sinema yote."

Nilirudi kwa vichochoro. Katikati ya njia mkokoteni ukakaribia kunigonga, ndipo nikatambua kuwa nimevua miwani na kuitia mfukoni. Sikumbuki nilipoivua.

Jumatatu, 12 Agosti

Amekuja. Peke yake, jua limeshapanda, shati jeupe limepigwa pasi. Akabisha hodi, akangoja akaribishwe. Subalkheri, Mwalimu. Akauliza hali yangu, hali ya mke, hali ya nyumba. Jacinta akamletea chai. Akamshukuru, akamwita mama. Akasifu makala zangu. Yeye husomewa, alisema, na hupenda ninavyowatukana wakubwa.

Kisha: "Kesho tutazame ile sinema pamoja. Utakaa kando yangu. Pale penye yule mwenye miwani, nataka unieleze weye. Chonga husimulia upesi upesi."

Nikasema sikumuuza mtu.

"Sijakuuliza," akasema taratibu. "Kunywa chai yako, itapoa."

Nikainywa.

Jumanne, 13 Agosti

Jacinta amefunga nguo zangu. Nipande basi niende kwa kaka yake Kaloleni, asema. Lakini nikikimbia nimekiri. Na watampata nani nyumbani? Yeye. Nimemwomba aende yeye. Amekataa, amekaa juu ya mzigo.

Sinema ni alasiri hii. Vijana wawili wa Kavumbi wamesimama ng'ambo ya njia tangu adhuhuri. Mmoja amenipungia mkono, kwa heshima. Wamekuja kunisindikiza.

Ulimi wangu haufai leo. Naandika nitakayoyasema nikifika, nisije nikayameza.

Faraj, na wewe Chonga. Kabla hamjazima taa, simameni mbele ya watu wote, mbele yake. Semeni: jina lile tulilitia sisi, kwa hasira ya makala. Atauliza, basi ni nani? Mjibuni hamjui, kama mimi nisivyojua, tuogope sote watatu. Msiniache kando yake gizani. Semeni taa zikiwa zawaka, niwaone nyuso. Wanabisha mlango. Semeni sa—