Bomba Haliumwi

Lipangalala, Ifakara

Mjukuu wangu Vero,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako hajambo, yuko shambani anaamia ndege kwenye mpunga.

Umeniuliza kama kuna ubaya kuruka zamu moja ya kutia dawa ya kuzuia kutu kwenye bomba la gesi mnalolitunza huko kazini kwako, maana bomba ni zima na dawa imepungua.

Ujanani nilitunza boila, yaani tangi na mabomba ya kuchemshia maji yawe mvuke, ya kiwanda kidogo cha mbao, ambacho siku hizi hakipo. Kila asubuhi nilitakiwa kutia dawa ya kutu kwenye maji. Kwa akili yangu dawa ni ya mgonjwa. Nikajiambia bomba haliumwi, nikaacha kutia, bila kumwambia mtu. Miezi ikapita salama. Kisha bomba likapasuka, mvuke ukampiga Kasiani, mwenzangu wa zamu, usoni.

Ya hospitali sitayaandika. Nilipolikata lile bomba, nje rangi bado iling'aa, ndani lilikuwa limeliwa, limebaki jembamba kama ganda la yai.

Kasiani haoni tangu siku ile. Kila Jumapili namshika mkono hadi kwenye benchi lake kanisani, naye hunishukuru.

Hajawahi kuniuliza habari ya dawa. Wewe ndiye wa kwanza.

Babu yako