Sauti ya Nne

Xiaobei, Guangzhou
3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu inawaka moto kwa kuzunguka kutwa maduka ya nguo za jumla ya Guangyuan Xilu. Koo linaendeleaje? Najua simu haikufai tena tangu sauti ikukimbie, ndiyo maana nampa Abeli, mfanyabiashara mwenzangu, barua hii. Kesho anarudi Moshi.

Jana nimeona bango la tamasha kwenye kituo cha metro. Ni uso ule ule wa picha ya sebuleni kwetu, ila nywele zimekuwa nyeupe: Riegler, yule Mwaustria aliyekuja na wanamuziki wake kwenye jubilei ya usharika miaka thelathini iliyopita. Bango linasema ameongoza okestra za Graz, Linz na Lisbon, na hapa anafunga kazi. Nimuulize habari za wimbo wako?

Mwanao,
Judica

Machame
29 Machi 2024

Mwanangu Judica,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu. Koo ni lile lile. Daktari hasemi sana, na mimi sina sauti ya kumbana.

Usimuulize kitu. Nilimpa wimbo ule kwa mkono wangu, akaahidi okestra yake itaupiga. Miaka mitatu nilikuwa nakwenda posta kila Ijumaa. Hakuandika hata mstari mmoja. Nikajua ameuona takataka, na tangu hapo sijatunga tena. Asiyekujua hakuthamini.

Kula vizuri, hizo nguo zisikuzeeshe.

Baba yako

Guangzhou
21 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini unameza uji bila taabu. Nisamehe, nimekukaidi.

Nilimngoja mlangoni mwa ukumbi baada ya mazoezi. Nilipotaja jina lako alitafuta kiti akakaa. Ni mzee sasa, mkono wa kushoto unatetemeka. Kesho yake akanionyesha karatasi yako. Kila mji aliohamia alihama nayo. Alitafuta mtu wa kumsomea do re mi zako, akakuta sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Basi.

Akaniambia, "Nilingoja besi. Nilidhani baba yako ananipima kwanza kama naistahili." Kuidai aliona haya.

Baba, besi hukuiandika popote. Uliiimba mwenyewe ukiongoza kwaya, na usharika mzima unajua sauti ya nne ni ya mwalimu. Mimi naikumbuka mwisho tu, pale ulipokuwa ukinikazia macho nisiinuke kabla ya baraka.

Tamasha lake la kuaga ni tarehe 15 Juni. Iandike. Abeli atapita kwako mwezi ujao.

Mwanao,
Judica

Machame
24 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, nimelia mbele ya mama yako. Kumbe miaka thelathini tumesimama mlangoni kama wageni wawili, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie.

Naiandika. Kuimba siwezi, kwa hiyo naitafuta kwa kugonga kidole mezani. Mstari mmoja au miwili, nachoka. Abeli anaondoka kesho. Nitakapoishia usiku huu, ndipo hapo hapo.

Mwambie mzee mwenzangu sikuwa nampima. Nilisahau tu kwamba wimbo ukienda bila mimi, unakwenda bila besi.

Baba yako

Guangzhou
16 Juni 2024

Baba,

Nimeandika shikamoo, nikakumbuka hakuna wa kuitikia. Naiacha hapo hapo. Shikamoo.

Mama alipiga simu tarehe 26 Mei. Abeli alikuwa bado safarini na barua yako. Alipofika, mimi ndiye niliyempa habari. Nilitaka kuja kukuzika. Mama akasema nibaki, nikausikie wimbo kwa niaba yenu.

Besi yako imeishia mistari minne kabla ya mwisho. Nilimwambia Riegler aimalizie, kazi hiyo ameifanya maisha yake yote. Akakataa. Akasema, "Hiyo si sauti yangu."

Jana wameupiga. Walipofika pale ulipoishia, wapigaji wa besi waliteremsha vyombo vyao wakatulia, zile sauti tatu zikaendelea zenyewe. Mkono wake wa kushoto, ule unaotetemeka, aliunyoosha kuwaelekea wao mpaka wimbo ukaisha.

Mwisho ule naukumbuka, Baba. Sikumwambia, maana kweli haukuwa wake. Niliuimba mwenyewe kitini, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Mama mmoja wa Kichina aliyekaa pembeni aligeuka akanitazama. Sikuinuka mpaka ukaisha.

Mwanao,
Judica