Kahawa Isiyopita Mdomoni

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya tano, choo hakijaja. Tumbo gumu kama ubao wa kukatia nguo. Kwenye cherehani nakaa upande-upande. Suti ya harusi ya kijana wetu imebaki mkono mmoja, na harusi ni Jumamosi! Mama watoto anasema niende zahanati. Siendi ng'o. Nesi wa pale ndiye mama wa bibi harusi — mkwe wangu. Nitamweleza kwa uso gani?

Jumanne, 5 Machi
Nimepanda kwa Tabibu Mpira, mganga wa mtaani, ghorofa ya juu ya duka. Eti utumbo ni bomba tu, likiziba huitwa fundi. Dawa ni kahawa, lita nzima, vuguvugu — kwa njia ya nyuma. Inatoa sumu ya miaka kumi. Nikauliza sumu gani. Akasema nyingi. Mke wangu kasema fundi bomba huitwa kwa sinki. Hajui kitu.

Jumatano, 6 Machi
Imekubali! Maelezo hayafai hata humu. Nimemaliza mkono wa suti nikiimba. Mke wangu anasema hata nesi angenifanyia hivyo hivyo, kwa dawa iliyopimwa, mara moja basi. Mara moja! Na sumu iliyobaki je? Tabibu kanipa mpira wa kutumia nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi
Lita tatu leo. Miguu inatetemeka. Sumu hiyo inatoka.

Ijumaa, 8 Machi
Zahanati. Jana jioni moyo uliruka-ruka, nikaanguka juu ya suti. Daktari anasema chumvi za mwili zimetoka na maji, na mimi nameza vidonge vya presha. Wakikosea dawa, moyo unaweza kusimama. Lazima wajue nilitumia nini, na vipi. Naogopa, kusema kweli. Mke wangu ameenda kushona vifungo. Ameniachia neno moja tu: mficha uchi hazai.

Nesi zamu hii ni yeye, mkwe. Nilimwambia kahawa, lita tatu. Akaandika: amekunywa. Sikumsahihisha.

Sasa amerudi na daktari.

"Mkwe, hebu tusaidie. Ulikunywa ya maziwa au nyeusi?"

Nimeinamia daftari, naandika, kana kwamba jibu limo humu. Na kweli limo! Anasema kama ni vigumu kusema, si neno, atasoma. Ananyoosha mkono. Vidole vyangu vimeanza kuliachia daftari —