Gonga Palipokuwa na Dirisha

Nyumba ya Bwana Hasani wa Kondoa,
Njia ya Stesheni,
Dodoma.
Tarehe 9, mwezi wa pili, 1911.

Mpendwa mwanangu Yudith,

Mbukwa, mwanangu. Mbukwa tena, na nyingine ni ya huyo uliyembeba, maana naye ni mtu hata kama hajasikia Kigogo bado. Hamjambo huko Morogoro? Miguu yako inavimba? Usingizi unapata? Unakula mlenda au huko wanakulisha wali mtupu? Nijibu moja moja, usiniandikie tu kwamba hujambo. Mtu anaweza kuwa hajambo na miguu imevimba.

Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Goti lile la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, lakini goti ni goti, sikuandikii barua kwa ajili yake. Mwandiko wangu unaujua, unakwenda kama mbuzi aliyefungwa mguu. Vumilia usome mpaka mwisho.

Barua yako ilinifikia Jumamosi, wiki ya pili sasa. Nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nimeelewa kwamba mkwe wangu, ambaye kwa heshima ya ukwe simtaji jina hata kwenye karatasi, anaona heri ujifungulie kwa mama yake, kwa kuwa umemweleza kuwa chumba changu kina dirisha kubwa lisilo na kitu na wadudu wanaingia. Sikumkasirikia. Mtu anayeogopa kwa ajili ya mkewe ni mume. Ila usiku ule sikula.

Unajua kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Sila nilimzaa kwa mama yangu, na mikono ya kwanza kumshika ilikuwa ya mama yangu. Tembe yetu ya Mvumi ingekuwa imesimama, leo tusingekuwa na maneno haya. Lakini iliangushwa na mvua mwaka ule alipofariki baba yako, na kaka yako Sila akanileta hapa mjini akasema, mama, utakaa na mimi. Kisha wakampeleka mbele na reli, huko Saranda, nikabaki na chumba chake. Chumba kizuri, sikatai. Mabati juu, chokaa ukutani, na hilo dirisha.

Sasa nikueleze niliyofanya, ili umweleze mkwe wangu neno kwa neno.

Nilianza na papasi, kwa sababu hao nawajua tangu utoto. Wapita njia wengi wamelala chumba hiki kabla yetu, na kila mmoja aliacha papasi wake kwenye nyufa za ukuta. Nilichanganya samadi ya ng'ombe na majivu nikasiliba kila ufa, hata ule wa nyuma ya mlango ambao huuoni mpaka upige magoti. Wameisha. Kunguni nao niliwamwagia maji ya moto kwenye kamba za kitanda, kisha nikakianika juani. Wameisha nao.

Miguu ya kitanda niliiweka ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Nikajisifu kweli. Siku moja Mwantum, mke wa Bwana Hasani, akainama kutafuta kuku wake chini ya kitanda changu, akasema, "Mama Sila, hawa wanaocheza humu majini unawalea wa nini?" Nikatazama, vijidudu vimejaa vinapinda mikia. Kumbe ndio watoto wa mbu. Nilikuwa nafuga mbu chumbani mwangu, mwanangu, nawapa na maji safi! Sasa makopo yana majivu makavu.

Lakini kazi yote hiyo ni bure kama dirisha liko wazi. Wakati wa kujenga reli walichimba udongo huko nyuma ya stesheni wakaacha mashimo, na sasa ni masika, yamejaa maji. Jua likizama tu, mbu wanakuja kama watu wanaotoka sokoni. Mtumishi wa hospitali anayepita kutazama mitungi ya watu anasema Wadachi wamegundua kwamba mbu ndiye anayeleta homa. Mimi sikusoma mambo hayo. Ninachojua ni kwamba homa ipo na mbu wapo, na mtoto mchanga hana ngozi ya kubishana nao.

Basi nikafanya kama tulivyofanya kwenye tembe. Unakumbuka jioni, ndama ndani, moto wa samadi katikati, moshi unatambaa darini mpaka unatoka mlangoni wenyewe? Hakukuwa na mbu aliyethubutu. Nikakoka moto ule ule chumbani hapa. Sikujua kuwa mabati hayanywi moshi kama udongo. Ulijaa, ukatafuta njia, ukatoka wote dirishani kwenda barabarani. Nasikia nje watu wanapiga kelele, "Nyumba ya Hasani inaungua!" Kabla sijasema neno, ndoo ya maji imepita dirishani imetua kitandani, na ya pili imetua kwangu.

Bwana Hasani alisimama mlangoni, kanzu yake imeloa mpaka magotini. Chokaa yake imekuwa nyeusi kama chungu. Akasema, "Mama, nakuheshimu kama mama yangu. Ukiwasha moto tena humu, utatafuta nyumba nyingine." Nikamwambia nimesikia. Kweli nilikuwa nimesikia, maana niliona aibu hata kukamua nguo yangu mbele ya watu.

Nikatundika dirishani kipande cha kitambaa cha merikani, kipya. Upepo wa Dodoma unaujua, lakini safari hii hata haukuwa upepo. Merikani mpya ina ule ugumu wa unga, na mbuzi wa jirani akanusa, akasimama kwa miguu ya nyuma akaila kuanzia pembeni. Nilipotoka sokoni nilikuta kichwa chake dirishani, anatafuna, ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Mwantum akanihurumia akaniletea majani ya mvumbasi kutoka kwao Kondoa, nikautundika pande zote. Unanukia vizuri, utaupenda. Mbu walipungua. Kupungua si kuisha. Jioni moja nilikuwa nimekaa kitandani nawatukana, huyu hivi na yule vile, kwa sauti kubwa. Nikanyamaza ghafla, nikafikiri, Ruthu, tangu asubuhi leo hawa ndio peke yao ulioongea nao.

Si kweli kabisa, lakini karibu na kweli. Hapa mjini kila mtu ana safari. Mwantum ana watoto wake na wakwe zake. Mimi salamu zangu zilikuwa za dirishani. Wanawake wa kwenda kisimani walikuwa wakipita wananiita, "Mbukwa mama, umelalaje?" na mimi ninajibu huku napepeta mtama. Mzee Yotham, anayeuza kuni, alikuwa akiegemeza mzigo wake hapo anipe habari za Mvumi, nani amekufa, nani ameoa. Gari la moshi likitoka pwani nilikuwa nawatazama wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka njia inakuwa tupu. Nilikuwa najiambia namtazamia Sila. Wewe unajua nilikuwa namtazamia nani.

Barua yako ilipofika nililitazama dirisha hilo siku nzima.

Jumatatu iliyofuata Bwana Hasani alikuwa amekwenda Kondoa kuchukua asali na tumbaku. Nikaenda kwenye yale mashimo ya reli nikachota udongo, maana ni udongo mzuri ule, nikaukanyaga na majani makavu na samadi kama mama yangu alivyonifundisha. Nikaanza kujenga kutoka chini. Mzee Yotham alipita ukuta ukiwa umefika nusu, tukaonana vichwa tu. Akaniuliza, "Mama Yudith, nani amekukosea humu njiani?" Nikamwambia hakuna, mwanangu anakuja kujifungua. Akanipa fito mbili za kushikiza, akaenda zake. Kufikia alasiri nimefunga. Nimeacha tundu moja juu, linaingia ngumi tu, la hewa, nalo nimelisokomeza mvumbasi.

Bwana Hasani aliporudi nilimsikia nje anazunguka. Akaingia uani. "Mama Sila, dirisha langu liko wapi?"

"Lipo, Bwana Hasani. Limelala tu."

"Mama, nyumba ya mjini isiyo na dirisha ni ghala."

"Basi nihesabu kuwa mimi ni mtama."

Mwantum alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Hasani alijizuia, akashindwa. Akaingia akanusa, akapitisha mkono ukutani, akauliza mbona humu hakuna mbu. Nikamweleza habari zako. Mama yake mwenyewe alimfia mwaka jana naye akiwa safarini. Akasema, "Likae hivyo mpaka mtoto atoke arobaini. Baada ya hapo nitalibomoa mwenyewe, na chokaa utapaka wewe." Nimekubali. Nitapaka na ya sebuleni kwake nikiwa na mjukuu mgongoni.

Kwa hiyo mwambie mkwe wangu: dirisha halipo. Kama hasadiki, aje mwenyewe. Sitakaa naye chumba kimoja, nitampisha nikae kwa Mwantum, naye alale humu ahesabu mbu mpaka asubuhi. Mchana kuna joto, sikufichi. Na ni giza, mlango ukifungwa naandika kwa kibatari, kama sasa. Lakini tembe ilikuwa giza na wewe ulikua humo.

Ukimya ndio sikuutegemea. Wanawake wa kisimani bado wanapita, nawasikia nyayo na ndoo, lakini hakuna anayesalimia ukuta. Mzee Yotham anapiga kelele tu, "Mama, bado upo?" nami najibu, "Nipo," kisha anakwenda. Gari la moshi likipiga mluzi nakaa hapo hapo ukutani, nasikiliza wanaoshuka wanavyopita. Si neno. Nimekaa hivyo kwa kazi maalumu, na kazi ikiwa na mwisho mtu anaiweza.

Ila mwanangu, nisikilize vizuri. Kama mkwe wangu atasema hapana hata baada ya haya, usigombane naye kwa ajili yangu. Jifungulie kwa mama yake, ushike mkono wake, ulie kwake. Mimi sitaubomoa ukuta. Nitangoja mtoto wako wa pili.

Nimekuwekea mlenda mkavu kwenye kibuyu, na karanga, na ngozi laini ya mbuzi ya kumbebea mtoto. Si ya yule aliyekula merikani, ingawa nilitamani.

Nisalimie sana mama mkwe wako Loisi. Mwambie sishindani naye, nina wivu tu, na yeye ni mama atanielewa. Msalimie wifi yako Tabu, na wote wa nyumba hiyo. Sila yu mzima huko Saranda, amekutumia salamu kupitia kwangu kwa kinywa cha mwenzake. Mwantum anakusalimu, anasema utamkuta amekwishapika uji.

Ukishuka stesheni usiulize nyumba ya dirisha kubwa kama Sila alivyokueleza, utapotea. Fuata njia hadi uone ukuta mweupe wenye kiraka cha udongo mwekundu, na juu yake alama za vidole. Ni vyangu, nilipiga lipu kwa mkono. Usizunguke mlangoni, mlango uko uani na goti langu ni zito. Gonga hapo palipokuwa na dirisha. Kigoda changu kiko upande wa pili, nitakuwa nimekaa, na nitakujua kwa kugonga kwako.

Mungu akufunike wewe na huyo uliye naye, awafikishe salama mikononi mwa yeyote atakayewapokea.

Ni mimi mama yako, nikupendaye mchana na giza,
Ruthu