Waliofika Kabla Yangu

Muyinga, 3 Februari 2025

Layla mwanangu,

Assalamu alaykum. Unaamkaje huko Musinzira, baridi ya Gitega haijakumaliza? Huku tuko wazima. Baba yako Waziri anakohoa kidogo lakini cherehani yake haijasimama, kwa hiyo ujue hana neno. Mi goti linanisumbua, lile lile la siku zote, sitaki pole.

Naandika barua kwa sababu kwa simu unanikata maneno, na hii habari nataka uisome mpaka mwisho. Upendo anakuja huko kuuza vitenge vyake, atakupa mkononi.

Keti kwanza. Umekaa? Chuo chenu wamenipigia. Chuo ulichosoma wewe mwenyewe! Wanataka kunipa udaktari wa heshima, kwa ajili ya mbio zangu na ile medali ya Afrika. Tarehe kumi na mbili mwezi wa nne, mbele ya wakubwa, na joho, na ile kofia yenye kamba. Mi Zuena, niliyeacha shule darasa la tisa! Nilivyokuwa nakimbia barabara ya Gashoho, watu walisema huyu binti wa Kiislamu amepoteza akili, tena miguu nje. Sasa waje wasome: Dokta Zuena. Wallahi nimepiga vigelegele peke yangu dukani mpaka jirani akakimbilia polisi.

Waziri ameshanipima gauni la kuvaa ndani ya joho. We utakaa mbele unishikie mkoba. Niambie unafurahi.

Shangazi yako,
Zuena


Gitega, 12 Februari 2025

Shangazi yangu,

Wa alaykum salaam. Barua nimepata, na ndizi pia, asante. Mwambie baba anywe tangawizi. We pumzisha goti, ingawa najua hutalipumzisha. Mi kwa mwili sina shida.

Sikufurahi. Nakuambia usoni, sababu wewe ndiye ulinifundisha kusema usoni.

Nilisoma uuguzi miaka minne. Memwari yangu, ile kazi ya mwisho, niliitetea mbele ya jury ya maprofesa mwezi wa saba, mwaka juzi. Ulikuja, ulileta Fanta, ulicheza mpaka maprofesa wakapiga makofi. Tangu siku hiyo, diploma sijaiona, na wenzangu wote wa promosheni, tuliomaliza pamoja, hawajaiona. Tukienda kwa sekretari: rekta, mkuu wa chuo, hajasaini. Tukirudi: rekta yuko safari. Tukirudi tena: karatasi maalum za diploma hazijafika. Kituo cha afya cha upande wa Buhinyuza wamenishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Bila diploma wanachukua mwingine.

Na yako? Yako iko tayari, Shangazi. Christina wa sekretariati ametuonyesha. Karatasi imepatikana, saini imepatikana, muhuri umepatikana, na we hujakaa kwenye benchi yao hata asubuhi moja!

Mtu akikimbia vizuri apewe kombe. Akiimba vizuri ajaziwe uwanja. Barabara ipewe jina lake, mi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini udaktari ni wa mtu aliyekaa na swali moja miaka na miaka mpaka akalijibu. Wakimpa kila mwenye jina kubwa, sisi wengine tunakesha kwa ajili ya nini? Wao hawakuheshimu, wanataka tu picha na wewe.

Siku hiyo tutasimama getini na mabango. Ukikubali, itabidi upite mbele yangu. Kataa, nakuomba.

Mtoto wako,
Layla


Muyinga, 17 Februari 2025

Layla,

Salaam. Wazima wote.

Sitakataa. Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikalia, mara ya pili nikacheka, mara ya tatu nikachukua kalamu. Shukrani ya punda ni mateke, wazee hawakukosea. Na mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo leo sikuchelei.

Eti mtu aliyekaa na swali moja miaka na miaka. Mi nilikaa na langu miaka kumi na nane: pumzi ikiisha na mizunguko bado, mtu anaendelea na nini? Nililiuliza kwenye matope ya Gashoho, nikaliuliza kwenye nchi ambazo sijui hata kuomba maji kwa lugha yao, na nililijibu mbele ya Afrika nzima, bendera ikapanda. Jury yangu ilikuwa na saa mkononi. Haikuniuliza baba yangu ni nani, na haikunionea huruma. We unadhani kazi ni ile ya kukaa tu? Aliyekaa amechoka, na aliyekimbia ametembeatembea?

Halafu nikuambie linaloniuma, maana we huulizi. Niliacha shule sababu mkuu wa shule aliniambia nichague: daftari au mbio. Nikachagua, na sikujuta. Lakini kila nikiingia ofisi ya mtu mwenye diploma ukutani, najikuta nasema polepole, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Mi niliyepeperusha bendera! Hiyo karatasi naitaka. Naitaka kabisa, na sioni haya kuitaka.

Diploma yenu kuchelewa ni dhuluma, hapo niko na wewe. Lakini si mimi niliyeificha. Simama getini na bango lako, mi nitapita. Nitakusalimia, ukitaka kuitika uitike.

Zuena


Muyinga, 24 Machi 2025

Layla mwanangu,

Ramadhani njema. Mwezi mzima na zaidi hujaniandikia, na simu hushiki. Sawa, hasira hiyo umeirithi kwangu. Lakini hii usome.

Jana amekuja mtu wa chuo kutoka huko, anaitwa Venansi, suti nzuri, viatu vyeupe kwa vumbi letu. Nilimkaribisha, nikamwambia sisi tumefunga lakini mgeni hafungi, nikamtengea chakula. Akala vizuri. Alipomaliza akatoa picha kubwa kwenye begi. Ni mimi, Layla. Mimi na joho ambalo bado sijalivaa, wamenibandikia kwa kompyuta, na maneno chini: Dokta Zuena anakuambia, njoo usome nasi. Wanafungua tawi hapa Muyinga mwezi wa tisa. Wanataka nizunguke na picha hiyo mashuleni, Gashoho, Buhinyuza, kote, niwaite watoto.

Hapa kwetu nani asiyejua ng'ombe ya kugabiwa? Unapewa, unashukuru, unapiga magoti, na siku moja mwenyewe anakuja kudai ndama. Mi mjinga nilidhani hii haina ndama.

Nikamwuliza: na diploma ya binti ya kaka yangu? Akasema, aa, ile ni dosye nyingine, faili lingine kabisa. Nikaondoa sahani yake mezani. Basi akasogeza kiti, akapunguza sauti: ya Layla peke yake inaweza kusainiwa wiki hii. Yeye tu aache ile kelele wanayoipanga getini, na awaambie wenzake watulie.

Nilitaka kumwagia chai. Lakini ni diploma yako, ni kazi yako ya Buhinyuza, si haki yangu kuimwaga. Nikasema nitakuuliza. Mwezi wa tano hauko mbali. Ukisema ndiyo, hakuna mtu wa nyumba hii atakayekunyooshea kidole, na mimi nitakuwa wa kwanza kumfunga mdomo atakayejaribu. Jibu haraka.

Shangazi yako,
Zuena


Gitega, 2 Aprili 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Idi mbarak, samahani imechelewa. Nilikula wali kwa jirani yangu Bulonza, mama wa Kikongo. Si Mwislamu lakini alipika biriani tamu kuliko sisi. Natumaini nyama huko iliwatosha na baba hakuchinja kikohozi kikiwa kifuani.

Jibu ni hapana.

Nililala nalo siku tatu, sikudanganyi. Niliiona ile nafasi, niliona gauni jeupe la wauguzi, niliona mpaka chumba ningepanga. Halafu nikamwona Mushagalusa, tuliyekaa naye benchi moja, anayechimba mtaro sasa hivi na memwari yake ilipata alama kubwa kuliko yangu. Nimwambieje atulie? Nitamwangaliaje? Diploma ya kuninyamazisha siitaki, hata wakiipaka dhahabu. Tunataka zote au tunabaki getini.

Na jambo lingine. Nilisoma tena ile barua yako ya hasira. Sikujua habari ya mkuu wa shule. Hukuwahi kuniambia. Bado naamini udaktari si kombe, hapo hutanisogeza, lakini sisemi tena kwamba hukufanya kazi. Nenda uchukue. Pita getini kichwa juu, nitakuitika salamu. Ila mimi usininunulie kitu kwa hao watu.

Mtoto wako,
Layla


Muyinga, 14 Aprili 2025

Layla wangu,

Tulifika salama, mi na Waziri. Goti limevimba, baba yako anajisifu mji mzima. Juzi getini hatukupata kuongea, watu walikuwa wengi, na wewe sauti ilikuwa imekatika kwa kuimba. Uliniona nimetoka tu, na ukanishika mkono. Sasa nikuambie ya ndani.

Walinivika joho. Sikatai, lilinipendeza! Nikajiangalia kwenye kioo cha dirisha nikasema, Zuena, mama yako angekuona. Salle, ule ukumbi wao mkubwa, imejaa, wakubwa mbele, mapicha mengi. Bwana mmoja akasoma maisha yangu kwa Kifaransa, akakosea jina la mlima wangu, pale kijijini nilipozaliwa. Nikaitwa. Rekta amesimama na bomba lenye karatasi yangu ya udaktari ndani, anatabasamu, mkono tayari.

Nyinyi tulikuwa tunawasikia. Wakafunga madirisha, tukaendelea kuwasikia.

Nikachukua mikro ya kusemea. Nilikuwa nimeandikiwa maneno ya shukrani, nikayaacha mezani. Nikasema hivi, nakumbuka vizuri: Mheshimiwa Rekta, udaktari huu nautaka, na nasema mbele ya watu wote kwamba nimeufanyia kazi. Lakini mimi ni mtu wa mbio. Kwenye mbio anapewa kwanza aliyefika kwanza. Hakuna mkubwa, hakuna mwenye jina. Wale watoto walioko nje walifika kabla yangu, karibu miaka miwili sasa. Sijawahi kupokea medali kabla ya mtu aliyenishinda, na sitaanza leo kwa uzee. Wapeni wao kwanza. Mimi natoka, nakwenda kusimama nyuma yao, zamu yangu ikifika mniite.

Mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele. Baba yako! Waziri, ambaye hata harusini hapigi! Nikavua joho, nikalikunja vizuri, si kosa la joho, nikaliweka kwenye kiti, nikatoka na gauni aliloshona.

Venansi alinifuata mpaka mlangoni akisema nimewaaibisha. Nikamwambia pole, na ile picha ya kompyuta nisiione Muyinga, nitaichana kwa meno.

Sikukununulia kitu. Sikutaja jina lako. Nimekaa kwenye foleni yangu tu.

Shangazi yako,
Zuena


Gitega, 20 Mei 2025

Shangazi yangu,

Salaam nyingi. Goti vipi? Usiniambie la kawaida, Upendo amesema unachechemea. Baba nimemsikia kwa simu, kikohozi kimeisha, alhamdulillah. Mi niko.

Ile video ya salle imezunguka nchi nzima. Wazazi walikuja kuulizia, wengine wakasema watoto wao hawataandikishwa tena. Basi karatasi maalum zikafika, rekta akarudi safari, wino ukapatikana. Jana wametuita. Tulipanga foleni toka asubuhi. Mushagalusa alipopokea yake alikaa chini kwenye majani akalia. Christina alikuwa anasoma majina, tunapiga makofi kila jina.

Langu halikusomwa. Nikasubiri mpaka meza ikabaki tupu. Nikauliza. Christina hakuweza kuniangalia, maskini, si kosa lake. Venansi ndiye aliyejibu: dosye yako ina tatizo la nidhamu, itasomwa na komite. Komite inakaa lini? Haijulikani.

Nilirudi chumbani nikalia, Shangazi, sikufichi. Nimelia kama mtoto. Leo nimeosha uso. Jumanne ijayo narudi getini, hata kama ni peke yangu. Wenzangu wamepata, siwezi kuwalazimisha, wana kazi za kutafuta.

Wewe sasa chukua yako, usinisubiri. Umeshafanya vya kutosha.

Layla wako


Muyinga, 26 Mei 2025

Layla mwanangu,

Assalamu alaykum. Goti liko vibaya, haya, nimekubali. Waziri mzima, anakusalimia sana, hali wala halali kwa hasira.

Nianze na lililo chungu. Juzi nilikwenda Buhinyuza kwa pikipiki kuwaomba wakungoje. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti. Wamesema hawawezi, wagonjwa ni wengi na mwezi unaisha. Hiyo nafasi imekwenda. Nimeona bora uisikie kwangu.

La pili. Leo saa nne Venansi amekuja tena, na gari ya chuo, na lile bomba la karatasi. Akasimama mlangoni kwa duka, wateja wote wanasikia, akasema: Dokta, zamu yako imefika, wote wameshapewa. Nikamwuliza, wote? Akasema wote. Nikamwuliza, na Layla binti Waziri? Akaangalia viatu vyake.

Sikumfukuza, Layla. Nimempa chai, nimempa na chapati ya njiani. Lakini bomba lake sikuligusa. Nimemwambia, kwenye mbio zetu, mtu mmoja akiwa bado barabarani, saa haizimwi na uwanja haufungwi. Rudi nalo Gitega. Kuna mtu mbele yangu.

Wateja wakacheka, yeye akageuza gari.

Usiniambie tena nisikusubiri. Na kusimama peke yako, nani kakuambia? Kesho Jumanne nachukua basi ya kwanza. Baba yako amefunga duka la cherehani, anakuja pia, amebeba kiti cha goti langu. Tutakukuta getini. Wewe simama mbele, mimi nitakuwa nyuma yako.

Shangazi yako,
Zuena