Nafasi Aliyoiacha Wazi Mzee Salimu

Dar es Salaam,
Jumapili.

Kwako Kaka Gwakisa,

Mugonile, kaka. Pokea salamu wewe, wifi na watoto wote hapo Mwaya. Natumaini mpunga umetoka vizuri na mguu wa Mama umepungua kuvimba. Mimi homa sina, chakula napata, na kwa desturi ya barua hapa ndipo ningesema sijambo. Leo siwezi.

Barua yako niliipata Jumatano. Unasema watu kumi na mmoja wa ghala la Kyela mmepunguzwa kazi, na sababu mliyosomewa ni kwamba kila mmoja wenu ana maonyo matatu. Ukaniandikia: "Wewe uko makao makuu kwenye hizo kompyuta. Nitafutie aliyetufanyia hivi. Sisi tunajua ni Salimu karani, ila tunataka karatasi." Ukanishukuru kabisa mapema, ndaga fijo. Kisha ukaongeza, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba Mzee Salimu mmemtenga, na mkewe alipofariki hakuna hata mmoja wenu aliyekanyaga msibani.

Nimemtafuta huyo mtu, kaka, na nimempata. Ni mimi.

Usiichane barua. Isome mpaka mwisho, halafu wasomee wenzako.

Shirika linauzwa, hilo mnalijua. Mnunuzi hataki watu wengi, basi wakubwa wakataka orodha ya wenye maonyo matatu na zaidi, nami nikapewa kazi ya kuitoa. Programu inachukua kadi ya mtu mmoja, inaisoma, inaamua, inarudi kuchukua ya mwingine, mzunguko ule ule mpaka kadi ziishe. Humo kuna kitu tunakiita kigeu. Ni chombo tu cha kuwekea idadi ya maonyo ya mtu.

Unamkumbuka yule mama wa Kikisi wa soko la Lyulilo, aliyekuwa akibadilisha vyungu kwa mpunga? Alikuwa na chungu kimoja cha kupimia watu wote. Kabla ya kumpimia mwingine alikigeuza, akakipiga makofi mawili chini, ili mpunga wa aliyetangulia usihesabiwe kuwa wa anayefuata. Mama alikuwa akimsifu njia nzima tukirudi nyumbani.

Mimi niliandika hivyo hivyo. Chombo kilitangazwa, yaani kiliwekwa, ndani ya mzunguko, kitupu, upya kwa kila kadi. Mkuu wangu wa kitengo, aliyekuwa ametoka kozi ya wiki tatu, akasimama nyuma ya kiti changu. "Atupele, unaichosha mashine," akasema. "Kitoe nje. Kitangaze mara moja tu, kule juu."

Nilijua anakosea. Lakini nina mkataba wa miezi sita sita, na wiki ile walikuwa wakitafuta majina ya kupunguza hata ofisini kwetu. Nikakitoa nje, kikawa hakigeuzwi tena kati ya mtu na mtu, nami nikanyamaza. Baadaye nimepima: muda tuliouokoa haufiki hata wa kupiga chafya.

Matawi mengine hayakuumia, maana makarani wao huandika sifuri kwa asiye na onyo, na sifuri hiyo inafuta ya nyuma. Mzee Salimu haandiki sifuri. Asiye na onyo humwachia nafasi wazi. Programu ikikuta nafasi wazi haiweki kitu chomboni, basi yanabaki ya mtu aliyepita. Kwenu aliyepita ni yule dereva aliyegonga mlango wa ghala mara tatu. Ninyi kumi mliomfuata kwenye orodha mmefukuzwa kwa mlango wake.

Nilipogundua nilikwenda kwa mkuu. Akasema orodha imeshasainiwa, hairudi. Kisha akanionyesha taarifa aliyoiandika: kosa ni la karani wa Kyela kuacha nafasi wazi, naye aondolewe. Akataka nitie saini. "Wewe jina lako litabaki safi," akasema. Nilimchukia, kaka. Halafu nikajichukia zaidi, kwa sababu kalamu niliishika.

Sikusaini. Nimekirudisha chombo ndani ya mzunguko na kuichapa orodha upya. Imo kwenye bahasha hii, na kwa Kyela inatoa jina moja tu. Karatasi mliyoitaka ndiyo hiyo. Nakala nimeipeleka chama cha wafanyakazi. Kama itawarudisha kazini, sijui. Hapa mtu akishasaini hapendi kuonyeshwa kosa lake. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na sitegemei mwingine. Msinionee huruma, wala msiseme nililazimishwa. Mkono ulikuwa wangu.

Nisalimie Mama, mwambie mwenyewe kabla hajasikia sokoni. Msalimie wifi, na baba mdogo wa Talatala aliyenisomesha hii kazi na kujivunia hivyo.

Jambo moja nakuomba. Arobaini ya mke wa Mzee Salimu haijapita. Nendeni wote kumi. Sijui mtamwambia nini. Mpeni barua hii aisome.

Kadi yako nimeishika mkononi, kaka. Mwandiko ni wake, ule wa kulala kidogo. Miaka kumi na minne umefanya kazi chini ya macho yake, na kwenye nafasi ya maonyo hakuandika kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Atupele